Mwongozo wa kuandika insha ya utafiti kuhusu mwandishi wa Kimarekani: mfano wa Zora Neale Hurston

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa darasa la 11, aliyekulia katika Kiswahili na sasa anasoma hapa Marekani, kukamilisha insha yake ya utafiti. Shule nyingi za sekondari za Marekani hutoa kazi hii katika mwaka huo kwa kuwa ndio mwaka wa fasihi ya Kimarekani, na maelekezo yake hufanana: chagua mwandishi, soma kitabu chake, tafuta vyanzo, kisha utetee hoja. Mfano nitakaoutumia ni Zora Neale Hurston na riwaya yake ya mwaka 1937, Their Eyes Were Watching God, lakini anayeandika kuhusu Steinbeck au Baldwin atapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kwanza, mwandishi baadaye

Usimchague mwandishi kwa sababu jina lake ni kubwa. Chagua kitabu ambacho uko tayari kukisoma mara mbili, na uhakikishe kwamba kimeandikiwa uhakiki wa kutosha.

Hatua ya 2: Soma mara mbili, penseli mkononi

Wahusika wa Hurston wanazungumza Kiingereza cha Wamarekani weusi wa Kusini, naye ameyaandika maneno yao kama yanavyosikika. Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza darasani huona kurasa za mwanzo kama ukuta. Dawa yake ni sikio: azima maktabani toleo la kusikiliza lililosomwa na mwigizaji Ruby Dee, ufuatilie maneno kitabuni huku ukisikiliza. Baada ya sura mbili tatu jicho huzoea. Usomaji wa kwanza ni wa kufuata hadithi tu. Wa pili ni wa kuweka alama pembeni. Muhtasari wa mtandaoni hauwezi kushika nafasi ya usomaji wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu unakupa matukio na kukunyima maneno, na maneno ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, na uulize kila chanzo kimejuaje

Anzia kwa mkutubi. Kadi ya maktaba ya umma, ambayo haina gharama kwa mkazi, mara nyingi hufungua hifadhi za makala za kitaaluma ambazo mtu binafsi angezilipia. Wikipedia inafaa kwa siku ya kwanza, hasa orodha yake ya marejeleo iliyo chini ya ukurasa, lakini usiitaje kama chanzo.

Mwaka na mahali alipozaliwa Hurston vinaonyesha vizuri kwa nini chanzo kinastahili kuhojiwa. Jiwe la kaburi lake huko Fort Pierce, Florida, lililowekwa na mwandishi Alice Walker mwaka 1973, linasema alizaliwa 1901. Katika tawasifu yake ya mwaka 1942, Dust Tracks on a Road, Hurston mwenyewe anajitambulisha kama mzaliwa wa Eatonville, Florida. Hata hivyo sensa ya Marekani ya mwaka 1900 imemwandika kama mtoto aliyezaliwa 1891, na hakuna anayehesabiwa kabla hajazaliwa. Waandishi wa maisha yake sasa wanakubaliana kwamba alizaliwa Notasulga, Alabama, Januari 1891, na kwamba familia ilihamia Eatonville angali mdogo. Alipokuwa Baltimore mwaka 1917 alijipunguzia miaka kumi ili akubaliwe kusoma bure, na tarehe hiyo ya kubuni ikaendelea kunakiliwa. Kwa hiyo hata jiwe la kaburi na kauli ya mwandishi kuhusu nafsi yake ni vyanzo vya kupimwa.

Weka kumbukumbu zako kwenye kadi za karatasi. Ninazipendelea kuliko faili la kompyuta, kwa kuwa mkono hauwezi kunakili aya nzima bila kufikiri. Kila kadi ibebe wazo moja, jina la chanzo na ukurasa. Maneno ya chanzo yawe ndani ya alama za kunukuu, na maneno yako yawe nje. Nukuu uliyopewa na programu ya kompyuta inayojibu maswali usiitumie mpaka umeiona kwa macho yako kwenye ukurasa.

Hatua ya 4: Tunga dai kuu

Hapa ndipo majuma hupotea. Mwanafunzi ana kadi nyingi, anamjua Hurston tangu Eatonville hadi Chuo cha Barnard, anajua kwamba alisomea anthropolojia, yaani taaluma ya jamii na tamaduni za watu, chini ya mwanaanthropolojia Franz Boas, kisha anaandika: “Zora Neale Hurston alikuwa mwandishi muhimu wa Mwamko wa Harlem.” Mwamko huo ni vuguvugu la sanaa na fasihi la Wamarekani weusi mjini New York katika miaka ya 1920. Sentensi hiyo ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo haifai, maana hakuna atakayeipinga. Insha itakayojengwa juu yake itakuwa wasifu, na mwalimu hakuomba wasifu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, msomaji makini aliyekisoma kitabu hicho anaweza kukukatalia? Kama hawezi, bado huna dai.

Njia ya uhakika ya kulipata ni kutafuta mahali ambapo wasomaji wa kitabu hicho wamegombana. Kwa riwaya hii ugomvi ulianza mapema. Oktoba 1937 mwandishi Mmarekani mweusi Richard Wright aliihakiki katika jarida la New Masses, akasema haina dhamira, haina ujumbe wala wazo, na kwamba inawaonyesha Wamarekani weusi kwa namna ya kuwafurahisha wasomaji weupe. Mbele ya hukumu nzito kama hiyo, rudi kitabuni uulize kama matukio yake yanaikubali.

Chukua uzi mmoja tu, kwa mfano nani anaruhusiwa kusema mbele za watu. Katika sura ya 5, Joe Starks amekwisha kuwa meya wa Eatonville. Watu wanaomba mkewe Janie, mhusika mkuu wa riwaya, atoe hotuba, na Joe anawakatiza kabla Janie hajafungua mdomo. Katika sura ya 6, wanaume wanapiga soga kuhusu nyumbu kwenye baraza ya duka, Janie anatamani kuingia katika mazungumzo yao na Joe anamzuia. Pia anamlazimisha kufunga nywele kwa kitambaa. Katika sura ya 7, Joe anamdhihaki Janie mbele ya wanaume dukani, Janie anamjibu papo hapo, naye Joe anakosa neno na kumpiga. Joe anapokwisha kuzikwa, katika sura ya 9, Janie anavichoma vitambaa vyote.

Sasa dai linaweza kuandikwa: “Kinyume na hukumu ya Wright, riwaya hii ina hoja nzito kuhusu mamlaka, kwa kuwa inaonyesha kwamba anayetawala usemi wa hadharani ndiye anayeutawala mji, na kwamba Janie anaanza kuwa huru pale anapouchukua usemi huo.” Dai hili linapingika, na linathibitika kwa kurasa unazoweza kuzionyesha.

Kuna tahadhari kadhaa. Kwanza, usiufiche ushahidi unaokusumbua. Katika sura ya 19 Janie anajitetea mahakamani, lakini msimulizi anatueleza tu kwamba alisema. Maneno yake yenyewe hatupewi. Mhakiki anaweza kusema kwamba Janie amenyamazishwa tena, na huyo unapaswa kumjibu ndani ya insha, pengine kwa kukumbusha kwamba riwaya nzima ni kisa ambacho Janie anamsimulia rafiki yake Pheoby. Pili, mtendee haki Wright: alikuwa akiandika katika jarida la mrengo wa kushoto, wakati wa sheria za ubaguzi huko Kusini, na alitaka fasihi iushambulie ubaguzi huo waziwazi. Hoja yako itakuwa na nguvu zaidi ukiieleza yake kwa uaminifu kabla ya kuipinga. Tatu, maisha ya mwandishi yasishike nafasi ya ushahidi. Ni kweli kwamba John Hurston, baba yake Zora, aliwahi kuwa meya wa Eatonville, na inavutia kusema kwamba Joe Starks ndiye huyo baba. Wasifu unaweza kueleza mwandishi alikoipata malighafi yake, lakini maana ya riwaya inathibitishwa na riwaya.

Dai la kwanza ni la muda. Ukiona katikati ya rasimu kwamba ushahidi umelipinda, liandike upya.

Hatua ya 5: Andika rasimu

Panga kadi kwa kufuata hoja, si kwa kufuata miaka ya mwandishi. Aya moja, wazo moja. Utangulizi uandike mwisho.

Hatua ya 6: Nukuu na marejeleo

Walimu wengi wa Kiingereza hutaka mtindo wa MLA (Modern Language Association, chama cha wasomi wa lugha na fasihi): jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa ndani ya mabano, bila koma kati yake, na orodha ya kazi zilizotajwa kwenye ukurasa wa mwisho. Jaza orodha hiyo kwa mkono, kadi kwa kadi. Programu za kutengeneza marejeleo hukosea majina na miaka mara nyingi mno. Taja toleo hasa ulilolisoma, maana namba za kurasa hutofautiana toleo kwa toleo.

Unaponukuu maneno ya Janie au Joe, usisahihishe tahajia yake. Hurston aliandika hivyo kwa makusudi, na programu ya kompyuta ya kusahihisha maneno itajaribu kuyabadilisha bila kukuuliza, kwa hiyo izime kabla hujaanza kunakili, kisha uilinganishe kila nukuu na kitabu herufi kwa herufi.