Kisamvu: twanga kwanza ndo uchemshe

Kisamvu ni majani ya muhogo, mmea ambao asili yake ni Amerika Kusini, Wareno ndo waliuleta Afrika karne ya 16. Chuma yale machanga ya juu, toa vikonyo, osha, alafu twanga mpaka yalainike kabisa, usikatekate tu na kisu ukaona inatosha, maana majani mabichi yana sumu ya sianidi na kule kutwanga ndo kunaifungua itoke, kwa hiyo kikiwa kibichi usionje jamani. Kisha chemsha na maji mengi, sufuria wazi, mpaka harufu ya ubichi iishe na ile kijani kali ififie. Hapo ndo utie kitunguu, chumvi na tui la nazi au karanga za kusaga, moto mdogo mpaka rojo iwe nzito.