Unaanza bayokemia chuo? Soma hivi usije ukaishia kwenye sapu (mtihani wa kurudia)

Wengi wanaoingia bayokemia walikuwa wanautaka udaktari wakakosa nafasi, sasa wanakuja na ile akili ya baiolojia ya fomu siksi, yaani meza desa (noti za kukariri) usiku, tapika asubuhi kwenye pepa. Hapa hiyo haifiki mbali kwa sababu hii kozi jina lina bayo mbele ila kiukweli ni kemia tupu.

Kwa hiyo kabla hata chuo hakijafungua, rudia kemia. Mole, asidi na bezi, pH, pKa (ile pH ambayo nusu ya asidi imeshaachia protoni yake), na kemia ya ogani, hasa yale makundi ya kaboksili, amino, hidroksili na fosfeti. Ukiwa huelewi kwa nini kundi la amino linabeba chaji chanya kwenye maji ya pH 7 utateseka mpaka mwaka wa tatu, siongezi chumvi.

Halafu amino asidi zote 20 ujue kuzichora. Hizi ndo sehemu pekee nakwambia kariri, maana ni herufi za lugha yenyewe, ila zikariri kwa tabia, zipi zinapenda maji, zipi zinayakimbia, zipi zina chaji. Angalia selimundu: kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, nafasi ya 6, glutamiki asidi yenye chaji imetoka ikaingia valini inayokimbia maji, basi, hapo tu, oksijeni ikishuka himoglobini zinaanza kugandana na seli inapinda. Ukishaijua tabia ya valini hilo swali unalijibu bila hata kufungua noti.

Sasa metaboli, yaani njia za seli za kuvunja na kujenga vitu, hapa ndo watu wanapolia. Glaikolisisi, ile njia ya kuvunja glukosi, ina hatua 10 na watu wanazikariri kama shairi, ukiwauliza kwa nini hatua ya tatu ndo inadhibitiwa wanatoa macho. Chukua karatasi kubwa ya manila, chora njia nzima bila kuangalia kitabu, kila hatua jiulize kaboni ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, ATP (sarafu ya nishati ya seli) imetumika au imepatikana, elektroni zimebebwa na nani. Utaona kwa glukosi moja unatumia ATP 2 unapata 4, faida 2, pamoja na NADH 2, hizo ndo zinazobeba elektroni. Na ile hatua ya tatu kimeng'enya chake kinabanwa na ATP ikizidi, inaleta maana kabisa, seli ina nishati ya kutosha ya nini kuendelea kuchoma sukari? Ukikwama futa uchore tena kesho yake.

Mimi ningekushauri kila njia uifunge na kitu cha nyumbani. Mihogo michungu kwa mfano, ina sianidi, na sianidi inakaba kile kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria, oksijeni ipo kwenye damu lakini seli haiwezi kuitumia. Mwili unaipoza hiyo sumu kwa kuipachika salfa, na salfa inatoka kwenye amino asidi za methionini na sisteini, ambazo aliyezoea ugali wa muhogo bila samaki wala maharage hana za kutosha. Ndo maana konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu uliowahi kupiga Mtwara na Mara, unawakuta watu kipindi cha njaa, muhogo haujalowekwa wala kukaushwa vizuri na kitoweo hakuna. Ona umesoma mada tatu kwenye sahani moja.

Vimeng'enya na grafu zake, Vmax (kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya) na Km (kiasi cha malighafi kinachokifikisha nusu ya kasi hiyo), chora kwa mkono na fanya past pepa, hakuna njia nyingine.

Maabara usiwe yule wa kushika daftari wakati wenzako wanashika pipeti. Na dailusheni, yaani kuzimua, jamani! Ukiambiwa tengeneza ml 50 za 0.1 M kutoka kwenye 1 M, unachukua ml 5 halafu unaongeza maji mpaka ifike 50, sio unamwagia maji ml 50 juu yake. Matokeo andika hapohapo, hata yakiwa ya ajabu, usipike data.

Kitu kingine watu hawaambiwi mapema, digrii ya bayokemia sio leseni ya kufanya kazi maabara ya hospitali, ile ina kozi yake na baraza lake la usajili, kwa hiyo kama ndo unachotaka uliza kabla hujajaza fomu. Bayokemia inakupeleka zaidi kwenye utafiti, viwanda vya chakula na dawa, ukaguzi wa ubora. Fildi omba sehemu kama taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au TBS (shirika la viwango), na kwa walioko Kenya kuna KEMRI (utafiti wa tiba) na ILRI (utafiti wa mifugo). Barua zitume mapema kabla wenzako hawajashtuka, ambatanisha matokeo yako na utaje vifaa unavyoweza kutumia, PCR (mashine ya kunakili DNA), jeli ya kutenganisha DNA na protini, spektrofotometa, wakikaa kimya wapigie.