Jinsi ya kupima spidi ya neva zako kwa rula tu

Kuna watu wanasoma mfumo wa neva kwa kukariri michoro, ubongo huku, uti wa mgongo kule, mishale kibao, wiki ikipita kichwa cheupe. Mi naona ukijipima mwenyewe ndo unaelewa. Tafuta rula ya sentimita 30, mwenzio mmoja na meza, basi.

Mwenzio aishike rula kwa juu, sifuri iwe chini, we weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za hiyo sifuri bila kuigusa. Mkono uegemeze mezani usije ukaifuata rula chini. Aiachie bila kukwambia, we idake, soma namba iliyo juu ya gumba. Rudia mara 10 hivi uchukue wastani, zile mbili tatu za mwanzo zitupe tu. Ukidaka kwenye sentimita 10 umetumia kama sekunde 0.14, kwenye 15 ni 0.17, kwenye 20 ni 0.20, na rula ikipita yote ujue umefika 0.25 au zaidi. Ukipata 5 usijisifu, hapo umebahatisha. Anayetaka kupiga hesabu mwenyewe azidishe sentimita kwa 2, agawe kwa 981, halafu atafute kipeuo cha pili.

Sasa huo muda umeenda wapi? Mwanga umeingia jichoni, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikaugeuza ishara, neva ya jicho ikaipeleka ubongoni mpaka huko kisogoni picha inakochambuliwa, kisha sehemu inayoendesha misuli ikatoa amri, amri ikashuka kwenye uti wa mgongo, ikatokea shingoni na kufuata neva za mkono hadi kwenye kigasha, maana misuli mikubwa inayokunja vidole iko huko, shika kigasha chako ukikunja ngumi utaisikia. Ubongo na uti wa mgongo ndo makao makuu, na zile neva zinazotoka nje, jozi 12 za kichwani na jozi 31 za uti wa mgongo, ndo mfumo wa pembeni.

Na hiyo ishara siyo umeme kama wa kwenye waya, hapa wengi wanakosea. Niuroni, yaani seli ya neva, ikiwa imetulia ndani yake kuna chaji hasi, kama milivolti -70 ukilinganisha na nje, ikichokozwa vya kutosha vijilango vya kwenye utando wake vinafunguka, sodiamu inaingia mbio ndani panageuka chanya, potasiamu inatoka kurudisha hali, yote hiyo kama milisekunde 1, na kipande cha jirani nacho kinalipuka, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna kutuma nusu, inatuma yote au haitumi kabisa. Kwa hiyo maumivu makali siyo ishara kubwa, ni ishara nyingi zaidi kwa sekunde. Ikifika mwisho inakuta kinafasi, sinapsi, hapo kemikali inamwagwa ndo inaamsha ng'ambo ya pili. Kwenye misuli kemikali yenyewe ni asetilikolini.

Neva zenye ala ya maelini, ile ya mafutamafuta, zinaweza kufika mita 120 kwa sekunde, zisizo nayo zinajikokota mita 0.5 mpaka 2. Ndo maana ukijikwaa kidole cha mguu unasikia mchomo kwanza, halafu yale maumivu ya kuvuta yanakuja nyuma taratibu.

Rudi kwenye rula. Safari ya ubongo hadi kigasha haimalizi hata sekunde 0.02, muda mwingi umeliwa na jicho na ubongo kuamua. Hakikisha: funga macho, mwenzio aseme "haya!" pale pale anapoiachia. Wengi wanadaka mapema zaidi, maana sikio linageuza sauti kuwa ishara haraka kuliko retina inavyofanya na mwanga.

Ukitaka kuona ishara isiyosubiri ubongo kabisa, kaa juu ya meza miguu ining'inie, legea, mwenzio agonge kwa ubavu wa kiganja pale chini ya kifupa cha goti. Polepole jamani, siyo nyundo. Mguu utaruka wenyewe. Ishara imeenda kwenye uti wa mgongo, imepita sinapsi moja tu ikarudi kwenye paja, ubongo unapewa taarifa baadaye. Usiporuka usiogope, mara nyingi umekaza mguu, shikanisha vidole vya mikono uvute kama unavitenganisha, agonge tena.

Mwisho simama mbele ya kioo chumba kikiwa na mwanga, funika jicho moja kama nusu dakika, lingine liangalie mboni yake, kisha fungua ghafla. Mboni zote mbili zinasinyaa, hata ile ya jicho ambalo halikufunikwa. Hiyo ni kazi ya ule upande wa neva usiokuomba ruhusa, unaoendesha pia moyo na tumbo. Jaribu kuzizuia uone.