Kutengeneza kirushio cha roketi ya maji kwa gharama ndogo: mwongozo kutoka Mtwara

Vijana wengi wanaotaka kutengeneza mtambo wa kurusha vitu hewani huanza kwa kuuliza habari za moto, yaani kulipua gesi ndani ya bomba la plastiki ili isukume kitu. Huku kusini jambo hilo halishangazi, kwa kuwa gesi tumeizoea: iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na kila mtu anajua kwamba ina nguvu. Hata hivyo, bomba la plastiki la maji halikutengenezwa kwa ajili ya kuhimili mlipuko, na likipasuka hutawanya vipande vyenye ncha kali mbele ya uso wa aliyelishika. Kwa sababu hiyo mimi hufundisha mtambo unaotumia maji na hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya baiskeli. Unarusha chupa juu kuliko mnazi mrefu, na karibu kila kifaa chake hupatikana katika mabaki ya fundi bomba na kwenye jaa la chupa.

Hatua ya kwanza ni kuchagua chupa, na hapa usikubali mbadala. Tumia chupa ya soda ya lita moja na nusu au lita mbili, yenye kitako cha miguu mitano ya mviringo, kwa sababu imetengenezwa ili ibebe shinikizo la gesi ya kinywaji. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba na haifai. Ichunguze chupa kwa kuielekeza kwenye mwanga. Ikiwa ina mkwaruzo mzito, mkunjo au sehemu iliyogeuka nyeupe, iweke kando.

Hatua ya pili ni bomba la kusimamia chupa. Nenda kwa fundi bomba umwombe kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, chenye urefu wa sentimita 35 hivi na nyuzi upande mmoja. Bomba hilo lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, na mdomo wa chupa ya soda una kipenyo cha ndani kinachokaribia milimita 21.7, kwa hiyo linaingia kana kwamba vilipimwa pamoja. Piga msasa ncha ya juu mpaka isikwaruze chupa. Chini funga kiwiko cha nusu inchi, kisha kipande kifupi cha bomba kinacholala, halafu soketi ya kupunguzia kutoka robo tatu hadi nusu inchi, nipo ya robo tatu (kipande kifupi chenye nyuzi pande zote mbili) na kofia yake. Zungushia nyuzi zote tepu nyeupe ya mabomba kabla ya kukaza. Kofia itobolewe tundu la milimita 11.5 katikati, na ndani yake upitishwe valvu fupi ya mpira ya tairi lisilo na tyubu, ukiivuta kutoka ndani kwenda nje baada ya kuipaka maji ya sabuni. Fundi wa kuchomelea atatoboa tundu hilo kwa dakika chache. Mwisho, bana mtambo wote juu ya ubao mzito kwa vibano vya bomba ili usipinduke.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kuzuia hewa isivuje na kuishika chupa mpaka wakati wa kuiachia. Vika chupa kwenye bomba ikiwa imepinduliwa, mdomo chini, na uache sentimita 20 hivi za bomba ziwe ndani ya chupa. Weka alama mdomo unapoishia, kisha izungushie alama hiyo tepu ya umeme, raundi mbili au tatu, ukianza na raundi moja juu na kuongeza unene kadiri unavyoshuka. Mdomo wa chupa utajikaza wenyewe kwenye mteremko huo mdogo. Urefu wa bomba ndani ya chupa una kazi yake: tundu la juu hubaki juu ya usawa wa maji, hivyo maji hayashuki kwenye pampu.

Sasa chukua vibano vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, vinane au kumi, uvipange kulizunguka bomba vikisimama, vichwa juu, na mikia yake uifunge kwenye bomba kwa klipu ya hosipaipu. Vichwa vyote vikae kwa usawa mmoja, juu tu ya ile pete ya plastiki iliyo kwenye shingo ya chupa, na upande wake ulio mnene uelekee ndani. Kwa kuwa hewa itaisukuma chupa juu, pete hiyo itagota kwenye vichwa. Juu ya vibano pitisha bangili iliyokatwa kutoka bomba la plastiki, yenye urefu wa sentimita 8 hivi. Bomba la inchi moja na nusu mara nyingi hutosha, lakini jaribu kwanza, kwa sababu bangili inapaswa kuteleza ikiwa inabana kidogo. Itoboe matundu mawili yanayotazamana, ufunge kamba kila upande, na uziunganishe kwenye kamba moja ndefu ya mita 10. Bangili ikiwa juu, vichwa vinaishika chupa; ikivutwa chini, vichwa vinafunguka na chupa inaondoka. Kwa shinikizo la psi 60 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kinachoonyeshwa na geji ya pampu), chupa huvuta vibano hivyo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 15, kwa hiyo kichwa kimoja kilichopinda kinatosha kuirusha kabla ya wakati. Vikague kila mara.

Hatua ya nne ni kujaribu chupa na viungo kwa maji, nayo usiiruke hata kama jua linazama na watoto wanasubiri. Jaza chupa maji mpaka juu kabisa, ivike, pandisha bangili, kisha pampu hadi psi 80. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo yakipasua chupa hupoteza shinikizo mara moja na hakuna kinachoruka kwa nguvu. Likionekana tone kwenye mdomo, ongeza raundi ya tepu; likionekana kwenye nyuzi, fungua na uzikaze upya. Chupa ikivimba upande mmoja, haitarushwa. Pampu iwe na geji, na mpira wake urefushwe kwa mpira wa kompresa wa mita 3 ili anayepampu akae mbali.

Hatua ya tano ni roketi yenyewe. Kata mapezi matatu kutoka kwenye pande bapa za dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, uyabandike karibu na shingo kwa tepu, yakiachana kwa nafasi sawa. Usitumie gundi ya moto wala chuma kilichopashwa, kwa maana joto hudhoofisha plastiki ya chupa. Kwenye kitako, ambacho sasa ni pua, funga sponji iliyobeba udongo mfinyanzi wa gramu 50 hadi 80. Usiweke jiwe, msumari wala chuma. Ili kujua kama itaruka imenyooka, ifunge uzi mahali inapokaa mlalo bila kuinama, kisha uizungushe polepole kuzunguka kichwa chako. Pua ikitangulia wakati wote, imekubali, na ikiyumba, ongeza udongo.

Urushaji ufanyike uwanjani, mbali na nyaya za umeme, mikorosho, nyumba na njia ya ndege za kiwanja cha Mtwara. Msimu wa kusi chagua asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu, kwa sababu mapezi huigeuza roketi ielekee unakotoka upepo. Tia maji theluthi moja ya chupa: yakiwa machache, hakuna uzito wa kutosha wa kusukumwa nyuma; yakizidi, hewa iliyobaki ni ndogo na nguvu huisha mapema. Laza ubao ubavu ili kuvika chupa, kisha uusimamishe. Watazamaji wakae mita 15 nyuma, na wanaopampu na kuvuta kamba wavae miwani ya mafundi. Anza na psi 30, na usizidi 60. Ikigoma kuondoka, mtu yeyote asiisogelee. Anayevuta kamba aendelee kutoka mbali, na ikishindikana, toa hewa kwa kuchomoa mpira upande wa pampu.

Anayetaka kupima kimo asimame mita 50 kutoka kwenye kirushio akiwa na kipimapembe cha shuleni kilichofungwa uzi na kijiwe. Roketi ikifika juu kabisa kwa pembe ya nyuzi 40, tanjenti yake ni 0.84; zidisha kwa mita 50 upate mita 42, kisha ongeza kimo cha macho ya mpimaji. Andika kiasi cha maji, psi na pembe kwa kila mrusho. Baada ya jioni chache daftari hilo litakuonyesha kiasi cha maji kinachoifaa chupa yako.

Kila baada ya mrusho kagua shingo na kitako cha chupa. Ukiona ufa mdogo mweupe, ikate kabla mtoto hajaiokota na kuijaza hewa tena.