Somo: Kuipa mwendo baiskeli ya injini, tukianzia kwenye breki

Habari zenu wanachama. Wiki hii nimeletewa baiskeli tatu za injini hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na wenyewe wote wametaka jambo moja: fundi, iende mbio. Wote nimewaanzisha kwenye breki. Mmoja aliondoka amenuna, na naomba arudi, kwa sababu baiskeli yake ndiyo iliyonitia hofu zaidi.

Nazungumzia ile injini ndogo ya mipigo miwili inayofungwa katikati ya fremu. Wauzaji huiita ya cc 80. Ukiipima, silinda ina upana wa milimita 47 na pistoni husafiri milimita 40, kwa hiyo ni kama cc 69. Ndogo, lakini inatosha kukuua ukiifunga kwenye baiskeli nyeusi ya rimu ya inchi 28 isiyotayarishwa. Baiskeli hiyo ndiyo iliyovusha watu mpaka huu hadi jina la boda boda likazaliwa, ila iliundwa kwa mwendo wa miguu.

Hatua ya 1: Isimame kwanza

Breki za vyuma hubana rimu kwa ndani. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza tu. Na mzigo wa breki haupandi sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 25 kwa saa ukafika 40, nguvu ya kumezwa na breki inazidi mara mbili na nusu. Tafuta uma wa mbele wa baiskeli ya milimani iliyotumika, pamoja na gurudumu lake, wenye breki ya diski. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, ya nyuma inasaidia. Hakikisha shingo ya uma inaingia kwenye fremu yako bila kulazimishwa, na usikubali kuchomelea uma.

Kisha piga spoki kwa kidole moja moja. Inayotoa sauti ya kufa imelegea. Kaza, nyoosha rimu, badilisha gololi zilizochakaa. Funga pia swichi ya kuzima injini mahali kidole gumba kinafika bila kuachia mpini.

Hatua ya 2: Kigurudumu cha kukaza mnyororo

Hapa naomba msome polepole. Kile kigurudumu kidogo hufungwa kwenye bomba la fremu kwa kibano tu. Injini inatikisika, kibano kinalegea, mnyororo unakivuta ndani ya spoki, na gurudumu la nyuma linakwama ghafla. Kilinipata mimi mwenyewe nikielekea Tororo. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi. Spoki tisa zilikatika na ngozi ya kiwiko changu ilibaki kwenye lami.

Tangu siku hiyo natoboa bracketi ya kigurudumu hicho na kuishika kwa bolti inayopita kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu. Fremu yenyewe siitoboi, inapoteza nguvu. Kabla ya hapo nanyoosha mstari wa mnyororo: simama nyuma, funga jicho moja, sproketi mbili (magurudumu ya meno yanayovutwa na mnyororo) zionekane kwenye mstari mmoja. Sproketi ya nyuma inabanwa kwenye spoki kwa raba na bolti tisa; zikaze kwa kuvuka upande mmoja hadi wa pili, kidogo kidogo, na uzirudie baada ya safari ya kwanza.

Hatua ya 3: Rudisha nguvu inayopotea

Fungua ekzosi. Mara nyingi gasketi, ile karatasi ya kuziba kiungo, imeingia ndani ya tundu na kuziba njia ya moshi. Ikate kwa wembe ilingane na tundu. Safisha masizi kwenye kibomba cha ndani, lakini usikitoe. Ukikitoa, kelele zitaongezeka, nguvu ya kupanda mlima itapungua, na majirani watakuchukia.

Mahali kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inaposhika bomba lake hapavumilii uvujaji wa hewa. Injini ikipandisha mzunguko yenyewe ikiwa imetulia, tafuta hewa inayopenya hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Hatua ya 4: Kabureta

Sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya mita 1,000. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo kabureta iliyotoka kiwandani huwa inamwaga petroli nyingi. Injini inakohoa, haifiki mzunguko wake. Toa sindano inayopima petroli ndani ya kabureta, pandisha kipini chake (klipu ndogo iliyo juu) tundu moja. Sindano inashuka na petroli inapungua. Kimbiza injini kwa nguvu zote mwendo mfupi, zima hapo hapo, chomoa plagi. Rangi ya biskuti ni sawa. Nyeusi na mbichi, petroli bado nyingi. Nyeupe, simama! Rudisha kipini, la sivyo pistoni itakwama ndani ya silinda.

Oili huchanganywa ndani ya petroli: mililita 40 kwa kila lita. Injini mpya ipe 50 kwa matangi machache ya mwanzo, na usiikimbize.

Hatua ya 5: Sproketi, mwisho kabisa

Kiwandani nyuma kuna meno 44. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na rimu 28, utapata kama kilomita 36 kwa saa. Meno 40 yanakupa 40, na meno 36 yanakupa karibu 45. Kasi hiyo unailipa kwenye kilima: kwa meno 36 nguvu ya kuvuta inashuka karibu asilimia 18. Mimi nafunga 40 na naishia hapo. Kofia ngumu ivaliwe, si ya kuning'inia kwenye mpini.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kampala:* Fundi, kuna mtu Katwe anasema akwangue kichwa cha silinda ili mgandamizo wa hewa na petroli ndani yake uongezeke. Nikubali?

Ndugu yangu, mkono wake unaweza kuwa mzuri, lakini joto litapanda pamoja na mgandamizo, na injini hii inapozwa na upepo peke yake. Kwenye foleni hakuna upepo. Kataa.

*Mwanachama, Mbarara:* Nabeba mikungu miwili ya matoke kila asubuhi. Meno 36 yatafaa?

Hapana. Kaa na 44. Kwa mzigo huo fedha yako iende kwenye spoki nene za nyuma.

*Mwanachama, Kapchorwa:* Shikamoo mwalimu. Nateremka hadi Mbale. Nikifunga mafuta na kuacha injini inizuie, kuna ubaya?

Marahaba mwanangu. Upo, na ni mkubwa. Oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta huku gurudumu linazungusha injini kwa kasi, pistoni inasugua kavu. Shika klachi, iache injini itulie, tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia, na pumzisha baiskeli njiani. Jambo la pili: kabureta uliyoirekebisha huko juu itakuwa inatoa petroli kidogo mno ukifika chini, kwani hewa ya Mbale ni nzito zaidi. Ukifika, chomoa plagi uitazame. Ikiwa imeanza kuwa nyeupe, teremsha kipini tundu moja kabla ya kuendelea.