Jinsi ya kusoma habari za "usingizi mbaya unaleta magonjwa" bila kupaniki

Ukikutana na habari kwamba kulala masaa machache kunaleta kisukari au ugonjwa wa moyo, usiogope kwanza, tafuta utafiti wenyewe, muhtasari wake mara nyingi unasomeka bure, afu angalia usingizi waliupimaje. Kama waliwauliza tu watu wanalala masaa mangapi, jua kwamba wengi wetu tunahesabu hadi ule muda wa kujigeuzageuza kitandani. Kifaa cha kuvaa mkononi ni afadhali, UK Biobank, mradi mkubwa wa utafiti wa afya wa Uingereza, waliwavalisha watu kama laki moja kwa wiki nzima.

Pili, kipi kilitangulia? Hapa ndo wengi wanapotea. Tafiti nyingi zinaonyesha wanaolala zaidi ya masaa 9 wanakufa mapema kuliko wengine, lakini mtu mwenye ugonjwa ambao haujagundulika, au mwenye sonona, analala sana kwa sababu tayari anaumwa. Kwa hiyo cheki waliwafuatilia miaka mingapi, na kama waliougua mwanzoni mwanzoni waliwatoa kwenye hesabu.

"Hatari imepanda asilimia 50" inaweza kuwa ni watu 2 kati ya 1000 wamekuwa 3, so tafuta namba zenyewe.

Sasa shuka mpaka chini kabisa kwenye wafadhili, na hapa naomba usiruke. Kampuni ya dawa za usingizi ikilipia utafiti haimaanishi ni uongo, ila soma kwa macho mawili. Kama ni hela ya umma ya Marekani utakuta namba ya ruzuku ya NIH (taasisi za serikali yao za utafiti wa afya), iingize kwenye tovuti yao ya RePORTER utaona nani kapewa na shilingi ngapi, yaani dola ngapi, kila mwaka. Hizi hela ni muhimu mno jamani, maana nani mwingine atalipia kufuatilia watu miaka 30 wakati hakuna cha kuuza mwishoni? Utafiti wa wauguzi Marekani ulioanza 1976 ni wa hela hizo, na data zake ni kati ya zilizopimwa pale IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, ilipoweka kazi za shifti ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, 2007 na tena 2019.

Kwako mwenyewe, andika wiki mbili muda wa kulala na kuamka, na umuulize unayelala naye kama unakoroma afu pumzi inakata. Akisema ndio, nenda hospitali na hayo maandishi.