Somo: Altaneta imeungua, je, ni redio iliyoiunguza?

Wakuu, habari za kazi.

Juzi mteja mmoja aliniletea Noah hapa Nyakato, Mwanza. Alikuwa amebadilisha altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari na kuchaji betri) mara mbili ndani ya miezi mitano, zote zikaungua. Kila gereji aliyopita aliambiwa maneno yaleyale: "Ng'oa huo muziki, ndio unaokula altaneta." Akang'oa sabufa, akauza amplifaya kwa bei ya kutupa, akafunga altaneta ya tatu. Nayo ikaanza kunuka.

Nilifungua boneti nikagusa betri. Upande mmoja ulikuwa wa moto kuliko mwingine. Nikafungua vizibo: matundu matano maji meupe yanachemka kidogo, tundu la sita maji yamegeuka rangi ya chai na hayatikisiki. Seli moja imekufa. Betri ya namna hiyo haijai kamwe, kwa hiyo altaneta inasukuma umeme kwa nguvu zake zote kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, mpaka dayodi zake (vipande vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC) zinaungua. Alikuwa akibadilisha altaneta na kuiacha betri ileile.

Sasa nani aliiua betri? Hapo ndipo muziki unapoingia. Kila Jumapili familia inashuka ufukweni Igombe, milango inafunguliwa, injini imezimwa, sabufa inapiga saa nne mfululizo. Halafu gari linasukumwa ndipo liwake. Betri ya gari haikutengenezwa kukamuliwa mpaka chini kabisa kisha kujazwa, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mara nyingi muziki hauui altaneta moja kwa moja. Unaua betri, na betri iliyokufa ndiyo inayoiua altaneta. Ukilielewa hilo utaokoa pesa nyingi.

Hesabu yake

Altaneta za gari ndogo nyingi ni za ampia 70 hadi 90, lakini namba hiyo hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, unapata nusu yake, pengine chini ya hapo. Chukua usiku wa mvua, uko foleni pale Buzuruga: taa kubwa mbili zinakula ampia 9 hivi, feni ya ndani 15, feni ya rejeta zaidi ya 10, injini na pampu ya mafuta nyingine 10. Tayari altaneta imefika mwisho wa uwezo wake, na hujawasha muziki.

Redio ya kawaida yenye spika nne inakula ampia 5 tu, hata kama kwenye boksi wameandika 50W mara nne. Hiyo haiwezi kuunguza altaneta nzima. Wanaong'oa redio ya mteja kwa sababu hiyo wanamwonea.

Amplifaya ni habari nyingine. Yenye wati 500 za kweli inaweza kuvuta ampia 45 ikipiga kwa nguvu zote. Muziki unapanda na kushuka, kwa hiyo wastani wake ni kama theluthi, ampia 15 hivi. Ukiwa barabarani kuelekea Magu, altaneta inamudu. Ukiwa sailensa, pengo linazibwa na betri, na altaneta inafanya kazi ya juu kabisa wakati feni yake mwenyewe inazunguka polepole. Joto hilo ndilo adui wa dayodi.

Namna ya kupima kabla hujanunua chochote

Unahitaji mita ya umeme tu, ile ya kawaida ya dukani. Vua shati la mikono mirefu, na nyaya za mita zikae mbali na mkanda na feni.

Hatua ya 1. Angalia mkanda. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita moja umelegea. Ukilia asubuhi, au ukiwasha taa, anza hapo.

Hatua ya 2. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa. 12.2 ni nusu. 12.0 kushuka chini ni tupu. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado inasoma 10.5 au karibu na hapo, seli moja imekufa. Usifunge altaneta mpya kwenye betri hiyo hata kwa siku moja.

Hatua ya 3. Washa gari, pima tena palepale kwenye betri. Unatafuta 13.8 hadi 14.5. Ukiona 12 na inazidi kushuka, haichaji. Ikipita 15, katauti (kifaa kinachodhibiti chaji, wengine wanakiita regyuleta) imekufa. Usiendeshe, maana betri itachemka na vifaa vingine vitaungua. Magari mapya kidogo hushusha chaji yenyewe kwa makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo washa taa kubwa kwanza ndipo usome.

Hatua ya 4. Ipe altaneta mzigo: taa, feni ya ndani, muziki kwa sauti unayopigia kila siku. Msaidizi akanyage mafuta injini ifike mizunguko 2000. Ikibaki juu ya 13.5, altaneta yako ni nzima. Kisha aachie, irudi sailensa. Ikishuka chini ya 13, hapo mzigo umeizidi.

Hatua ya 5. Hii mafundi wengi wanairuka. Mzigo ukiwa bado umewashwa, weka ncha nyekundu ya mita kwenye bolti kubwa ya altaneta na nyeusi kwenye chanya ya betri. Ikizidi volti 0.3, waya au kiungo kimechoka. Rudia kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri. Athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi la gari) iliyofungwa juu ya rangi ninaikuta kila mwezi: bolti imekazwa vizuri, chini yake hakuna chuma kinachogusana. Hapo altaneta ni nzima, betri ni nzima, ila chaji haifiki.

Hatua ya 6. Geuza mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiunguruma. Ikizidi 0.5, dayodi imevuja.

Na sasa jambo ninaloomba kwa moyo wote: usimruhusu fundi yeyote kuchomoa tamino (kichwa cha waya) ya betri gari likiwa linawaka ili "kuona kama altaneta inafanya kazi". Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kufumba na kufumbua, na zinachoma dayodi, redio, hata kontroli boksi. Zamani, kwenye magari yasiyo na kompyuta, watu walifanya hivyo na gari likapona. Leo ni kuuza gari. Mita inatoa jibu hilohilo bila hatari.

Ukifunga muziki mkubwa

Waya wa umeme wa amplifaya utoke betri moja kwa moja, usiunge kwenye waya wa redio. Fyuzi ikae karibu na betri, urefu wa shibiri mbili isizidi, kwa sababu waya ukichunika njiani fyuzi iliyo kule nyuma karibu na amplifaya haitazuia moto. Kwa wati 500 usishuke chini ya milimita za mraba 16, na uwe shaba. Kwarua kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Athi kwangua mpaka chuma king'ae.

Maswali karibuni.

Dereva wa Hiace, Igoma: Fundi, taa ya betri inawaka nikiwa nimesimama kituoni, nikikanyaga mafuta inazima. Muziki nina miaka mitatu sijabadilisha chochote. Ni redio?

Jibu: Hapana kaka. Kama muziki ni uleule na tatizo ni jipya, kilichobadilika ni altaneta. Angalia mkanda, kisha fungua kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota ya altaneta. Zikibaki milimita 2 hazigusi vizuri, hasa ikizunguka polepole. Kaboni ni spea ya bei ndogo, usikubali kuuziwa altaneta nzima kabla hazijatazamwa. Na mnapoosha injini kwa presha pale mwaloni, funika altaneta kwa mfuko. Maji na matope yanakula kaboni na beringi.

Mama mwenye IST, Buswelu: Shikamoo fundi. Gari yangu ikilala siku mbili haiwaki, ikibustiwa inakwenda vizuri tu. Nimeambiwa ninunue altaneta. Redio nilifunga mwezi wa tatu.

Jibu: Marahaba mama. Pima kwanza, gari likiwa linawaka. Ikisoma 14, altaneta usiiguse, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, kisha fundi aunge mita ya ampia kati ya hasi ya betri na waya wake, bila kuwasha gari. Inayokubalika ni chini ya miliampia 50. Ikivuta ampia 1, betri yako ya kawaida haimalizi siku mbili. Achomoe fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ila kwa kuwa redio ni mpya, aanzie nyuma yake: waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Wengi wanaunganisha yote miwili kwenye umeme wa kudumu, redio hailali kabisa.

Kijana wa Nyegezi: Nikiongeza kapasita taa zitaacha kucheza besi ikipiga?

Jibu: Zitapungua kucheza, lakini kapasita inahifadhi umeme kidogo tu, haizalishi. Inasaidia kwa muda mfupi sana na baadaye inadai chaji kwa altaneta ileile. Anza na waya mnene na athi.

Mdau wa Sengerema: Zamani foleni ya kivuko Kigongo tulikuwa tunazima gari tunasikiliza mpira redioni, kivuko kikifika nusu ya gari zinasukumwa. Sasa daraja lipo tangu Juni 2025, shukrani kwa Mungu. Swali langu: nina betri kubwa aina ya N70 ya taa za kuvulia dagaa. Nikirudi asubuhi naiunga kwenye Probox naiacha ikiunguruma saa moja. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mkuu, tena ni ileile hadithi ya Noah. Betri tupu inavuta umeme mwingi mno, gari liko sailensa, altaneta haipati upepo wa kutosha. Na saa moja haiijazi, kwa hiyo unaumiza vyote viwili. N70 inataka chaji ya polepole, ampia 7 hivi kwa saa 12. Tumia chaja ya ukutani au sola yenye kontrola. Probox iachie betri yake.